Koti la Baba Wodini

Kwako Baba, popote ulipo na koti lako,

Leo nimebishana tena na mwanamume aliyekataa kuvua shati wodini, nikakukumbuka.

Unakumbuka nilivyokuja nyumbani Chawia kukwambia nimefuzu udaktari wa watoto wachanga? Ulikoroga chai kwa muda mrefu, kisha ukauliza, "Yaani umesoma miaka yote hiyo utibu watu wasioweza kusema wanaumwa wapi?" Jumapili ukanitangaza kanisani kama daktari tu, habari za wachanga ukazimeza, na baada ya ibada nikakuta foleni ya wazee wenye migongo. Nilipowaeleza kazi yangu, mmoja alininyooshea mguu. "Hata hii goti haisemi. Iangalie tu." Nikaliangalia. Wewe ulisimama kando ndani ya lile koti zito la ualimu mkuu, umeridhika kabisa.

Kisha Mghoi wangu akazaliwa hapa Voi kabla ya miezi kutimia, katika wodi yangu mwenyewe. Nilikuwa kitandani baada ya upasuaji, natetemeka kwa homa. Mume wangu alikuwa bado njiani kutoka Taveta, na mashine zote za joto zilikuwa na watoto. Mghoi alikuwa anapoa. Najua vizuri mno kinachofuata mtoto akipoa hivyo, na siku hiyo nilitamani ningekuwa nimesomea magoti.

Aliyekuwa karibu ni wewe, umeteremka kutoka baridi ya milimani na koti, sweta na tai.

"Mzee, toa nguo za juu," alisema Sista Wakesho, muuguzi wetu. "Mtoto atalala kwa kifua yako, ngozi kwa ngozi."

"Mbele ya hawa akina mama?"

"Hawa wamezaa juzi. Hakuna mwenye nguvu ya kukuangalia."

Ulivua moja moja, ukikunja kila nguo. Tai ulikataa. Sista akaitupia mgongoni kwako, akamlaza Mghoi kifuani, akawafunga pamoja kwa leso. Nikakusikia unamsomea kanuni za shule, kuanzia kuchelewa. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, kisha nikalia, maana niliogopa atatutoka akisikiliza habari za utoro. Hakututoka. Joto lilipanda, na mume wangu alipofika ulikataa kumpa mtoto wake: "Wewe kaoge kwanza."

Tangu hapo ukipiga simu ulikuwa unauliza, "Wagonjwa wetu wanaendeleaje?" Hakuna anayeniuliza hivyo siku hizi, Baba, na naumia.

Yule wa leo nilimsimulia habari za tai yako. Akavua shati.

Siku ya kukuzika ulilala umefungwa vifungo vyote. Mghoi, ambaye sasa yuko nasari, aliuliza kwa sauti kanisa zima likisikia, "Sasa Babu atabeba mtoto aje na koti imefungwa?" Watu walicheka huku wanalia.

Nilikufungua vifungo, Baba. Tai nikaiacha.

Ni mimi binti yako,
daktari wa wasiosema