Bluu ya Kushoto kwa Jiwe

Mama mdogo, shikamoo. Huku Mbaha mimi ni mzima, ila jua limenibabua pua.

Ziwa lililo upande wa pili wa kadi hii nimelichora mwenyewe, nikiwa nimekaa ufukweni. Maji niliyapaka bluu nyepesi, isipokuwa kushoto kwa lile jiwe la katikati, ambako yalikuwa yamekolea kama wino. Nikakoleza kama nilivyoyaona.

Mara mvuvi mmoja, Mzee Komba, akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hiyo picha inakwenda wapi?"

"Mbamba Bay, kwa mama mdogo."

"Na baba mdogo anafanya kazi gani?"

"Anavua usipa."

Mzee akakaa mchangani kama aliyeletewa habari za msiba. "Hapo ulipokoleza ndipo penye usipa wetu. Tafadhali, hamishia hiyo bluu kulia kwa jiwe. Na uape hutamwambia mtu."

Nikaapa. Nikalowesha brashi, nikafuta kushoto, nikakoleza kulia. Alifurahi mno, akanipeleka kwake. Mkewe akatukaangia usipa, tukala na ugali wa muhogo mpaka nikalegeza kifungo cha sketi.

Nimewakumbuka nyote, hata yule jogoo wako mkorofi. Kuhusu usipa, nimeapa na sitasema neno. Ila baba mdogo akitaka kuiona kadi, mwambie aitazame kwenye kioo.

Mwanao,
Tumaini