Mke Wangu Anamsifu Mpiga Gobore Mwingine

Shangazi, shikamoo. Nasoma safu yako tangu ikiwa nusu ukurasa na sikuwahi kufikiri nitakuandikia, lakini hapa nilipofika nimekwama, nipe neno kabla sijafanya jambo la kijinga, maana nina wivu, nakiri, na wivu wenyewe siyo wa mke kutembea na mtu, afadhali ungekuwa huo ningejua pa kuanzia.

Mimi ni mkulima wa kahawa na mahindi, Igamba huku Mbozi, nina gobore lenye kibali, na kwa miaka mingi nguruwe pori wakiingia shamba la mtu naitwa mimi. Sikurithi kitu, Shangazi, gobore nilinunua kwa kahawa yangu na kulenga nilijifundisha mwenyewe. Watu wanadhani gobore ni kumimina baruti, kushindilia na kufumba macho. Mimi nilikata kipande cha mwanzi kiwe kipimo, nikasimamisha ubao hatua hamsini, nikapiga risasi tano kwa kipimo kilekile, matundu yake yakazungushiwa mkaa, nikaupunguza mwanzi kidogo kwa tupa, nikapiga tano nyingine, na kila baada ya risasi nasafisha mtutu ili masizi yasinidanganye, wala sikubadilisha vitu viwili kwa pamoja, nikigusa baruti basi kitambaa cha kufungia goroli kinabaki kilekile, nikigusa kitambaa baruti inabaki ileile. Kiangazi kizima, majirani wakinicheka eti napigana na ubao. Mwisho risasi tano zilikaa mahali ambapo kiganja changu kinazifunika, na kipimo chenyewe kilichozikusanya hakikuwa kikubwa, kilikuwa chini ya kile nilichoanzia. Tabita, mke wangu, ndiye aliyekuwa anashika mkaa. Ndiye aliyeanza kuniita fundi.

Sasa amekuja Clever, mtoto wa dada yake Tabita. Alikuwa Tunduma akiwapimia Wazambia mahindi kwa debe, biashara ikamchosha, akarudi na gobore la marehemu babu yake, akauona mwanzi wangu akakata wa kwake ulingane nao, na ubao hajaupiga hata mara moja. Na huo mwanzi haufuti juu kwa kidole gumba kama mimi, anajaza lumbesa, baruti inatoa nundu kama debe la kumfurahisha mteja. Nilimwambia, "Clever, futa hiyo nundu." Akanijibu mbele ya watu, "Mudala, hata baruti unaibania? Mteja akipunjwa harudi!" Mudala ndivyo Wazambia wanavyomwita mzee, na mimi kwake ni baba mdogo. Watu wakacheka, Tabita naye akacheka, Shangazi, nilimwona.

Kwetu hapa nguruwe akianguka, mwenye shamba anampa mpigaji ini na mkia, ini linaliwa siku hiyohiyo na mkia unapigiliwa msumari juu ya mlango. Mlango wa Clever una mikia saba, wangu mwaka huu sita. Lakini hesabu ifanywe sawasawa! Mimi sita kwa risasi nane. Yeye saba kwa risasi thelathini na moja, na mbili kati ya hizo zilitoboa ghala la jirani yetu Zebedayo. Nani anahesabu risasi? Watu wanahesabu mikia. Zebedayo mwenyewe, na ghala lake limetoboka, ananiambia, "Ah, kijana anapiga bwana, ukisikia mlio tu unajua." Mlio! Nguruwe hafi kwa mlio. Juzi Clever kaleta ini kwangu, nyumbani kwangu, Tabita akalikaanga na vitunguu, akamwambia, "Asante, fundi." Nikasema sina njaa, nikaenda kukaa zizini na ng'ombe.

Na gobore lenyewe ni kukuu, mtutu mwembamba, nililishika wiki iliyopita pale kisimani, ubavuni pale chuma kinapoingia kwenye mti kuna mstari mweusi wa moshi mrefu kama kidole, mwezi uliopita ulikuwa kama ukucha, nikamrudishia sikusema kitu maana ningeonekana nina wivu, na yeye anajisifu eti mlio wake unasikika mpaka Vwawa.

Sasa Jumamosi ijayo kijiji kina msako wa nguruwe na Clever amepewa kusimama katikati ya njia yao, nafasi iliyokuwa yangu. Nataka nidai kwanza tupige ubao mbele ya watu wote, risasi tano kwa tano. Je, nidai hilo shindano au nitaonekana mtu mzima hovyo? Na Tabita nimrudisheje upande wangu, aone tofauti ya kipimo na kelele?

Mimi, Mpima Mwanzi, Igamba.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mpima Mwanzi. Pole. Mtu kujijenga mwenyewe halafu akaja wa juzi akapewa jina lake, hilo linauma, na sitakuambia haliumi.

Lakini umeniandikia kurasa tatu za mikia na maini, na katikati ukanipitishia jambo moja harakaharaka, kama mtu anayevusha mzigo pale mpakani akiomba askari awe ameangalia pembeni. Mzigo huo nimeusimamisha.

Mimi sijui bunduki. Nimekwenda kwa fundi mmoja wa magobore hapa mjini nikamsomea mistari yako kuhusu ule moshi. Hakuniacha nimalize. "Mtutu huo umepasuka, dada. Asipige tena hata mara moja." Nikamuuliza, mtutu ukifumuka kabisa unamfumukia mpigaji wapi? Aliweka kiganja shavuni, kikafunika na jicho.

Na wewe ulijua. Mtu anayesafisha mtutu kila risasi ili masizi yasimdanganye haniambii kwamba hakuyaelewa masizi ya nje. Uliogopa kuonekana una wivu, na kwa kuuficha ukauacha ufanye kazi kimyakimya. Halafu unataka shindano! Risasi tano za lumbesa kwenye mtutu uliopasuka, mbele ya mama yake mdogo. Baba, umepiga hesabu zote, hii ikakupita?

Shindano hakuna. Nenda kwa Clever. Usiende na mwanzi wako wala na zile risasi nane. Chukua kidole chake kiweke juu ya huo mstari, mwambie, "Niliona hii kisimani nikanyamaza, nimekosea." Atakuita mudala. Akuite. Akigoma, mpeleke Tabita akaseme naye. Akigoma tena, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mwambie gobore hilo lizuiwe, na yeye kwenye msako apige madebe pamoja na wafukuzaji. Siku atakapopata mtutu mzima, mfundishe kwamba kipimo chako ni cha gobore lako. La kwake lina chakula chake cha baruti, nalo atalitafutia kwa fundi anayelijua na kwa ubao, akianzia chini.

Kuhusu Tabita, mwanamke aliyesimama kiangazi kizima kwenye moshi wako anajua kipimo ni nini. Anamwita mtoto wa dada yake fundi kwa sababu kijana kaleta kitoweo akatabasamu. Wewe ulinuna ukaenda kwa ng'ombe, yeye atajuaje? Mwambie kwamba iliuma. Mwambie kwa kinywa. Na mwambie pia kuhusu ule mstari, kabla hajausikia kwa mtu mwingine.

Namba uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga tangu barua ilipofika, haipatikani. Nimepiga ofisi ya kata, wamesema watatuma mtu. Usimsubiri. Leo Ijumaa gazeti limekufikia na msako ni kesho, kwa hiyo hata kurasa za michezo usizifungue. Inuka uende.