Kamba ya Octavie

Jumanne, 12 Septemba 1995

Deo gratias, Mungu ashukuriwe! Leo nimegusa farasi.

Miaka thelathini na minane nilifundisha katekisimu huko Kabare, na kila mwaka niliwaeleza watoto habari za farasi wa moto waliomchukua nabii mbinguni. Niliwachora ubaoni kwa chaki. Leo nimejua kwamba nilichora mbuzi wakubwa! Kwetu milimani farasi hakuna. Nilichora nilichokisikia.

Chuo kiko huku Ulaya, Oudergem, ukingoni mwa msitu wa Soignes. Ni masomo ya ufundi kwa watu wazima: kutunza farasi na kuendesha banda lao. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwalimu wetu ni Madame Goossens, mwanamke mfupi, buti za mpira, sauti kama kengele. Aliniuliza kwa upole kama sikukosea mlango. Nikamjibu kwamba sikukosea. Akanipa uma wa samadi. Nimechota samadi mchana kutwa, mimi mzee wa miaka sitini na saba — furaha tupu!

Binti yangu Régine, ninayekaa naye hapa Etterbeek, alinusa koti langu mlangoni. "Papa! Unanuka! Donc ni kweli, unaenda kusoma farasi, ku âge yako? Batu ya paroisse batasema nini?" Nikamwambia: watu wa parokia watasema baba yako anasoma. Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimepewa farasi wangu. Octavie! Farasi jike wa aina ya Brabant, wale wazito wa kazi, rangi ya udongo, kifua kipana kama mlango wa kanisa. Alivuta magogo msituni maisha yake yote. Sasa amestaafu, naye anafundisha wanafunzi kwa kuwavumilia. Ndiye mkubwa wa banda zima kwa umri, kama mimi nilivyo mkubwa wa darasa.

Somo la leo. Anayemkaribia farasi na aseme kwanza, asije akamshtua. (Kwetu pia, nani aingiaye bila hodi?) Asimame upande wa kushoto. Kamba isizungushwe mkononi, wala isiachwe kamwe. Kwato zisafishwe kila siku, kutoka kisigino kuelekea ncha. Octavie aliniinulia mguu kabla sijauomba. Niliupakata kama mtoto wa ubatizo.

Nilisema naye Kiswahili. Masikio yakageuka!

Jumamosi, 7 Oktoba

Habari kubwa! Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa heshima ya Mtakatifu Hubert, farasi wa chuo hupelekwa mbele ya kanisa dogo karibu na msitu. Padre huwabariki, kisha hupita na kikapu cha mkate uliobarikiwa — kipande kwa mtu, kipande kwa farasi. Ni desturi ya zamani hapa. Kwetu padre alibariki mbegu kabla ya kupanda, nami ndiye niliyembebea maji ya baraka. Niliposikia haya, nilikuwa kama mtoto anayengoja komunyo ya kwanza.

Kila mwanafunzi atamwongoza farasi wake, ikiwa Madame ameridhika naye.

Sijatamani jambo namna hii tangu siku marehemu mke wangu alipoipokea posa yangu. Ee Bwana, nijalie Jumapili hiyo. Nimtembeze Octavie mbele yako.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa. Donatien, mtu wa Likasi, sauti nzito ya kwaya yetu. Mdomo wake hauna breki. Alisema mbele ya watu wote: "Papa Onésime! Sisi tulikuya huku Ulaya kusoma droit, kusoma médecine. Weye unasoma mavi ya farasi!" Wakacheka mabenchi mazima. Nikamjibu polepole kwamba mavi nimeyafaulu. Yeye ile droit, sheria aliyoijia, aliiachia wapi? "Aïe! Papa amenimaliza!" Akaniahidi kwamba atakuja kwenye baraka, amwone huyo Octavie kwa macho yake.

Alhamisi, 19 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Nilimtoa Octavie uani kumpiga brashi. Alisimama kwa adabu. Mfukoni nilikuwa na tofaa. Nikalifuta kwa kitambaa, nikamnyooshea — kwa mikono miwili.

Basi! Kwetu mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja, wala kitu hakipokewi kwa mmoja. Mkono mmoja ni wa kumtupia mbwa mfupa. Sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, kama inavyokwenda tangu utotoni. Kamba ikaanguka.

Octavie alilitafuna tofaa. Akaitazama kamba chini. Akalitazama lango. Lango lilikuwa wazi. Akaondoka, bila mbio, kama mama anayekwenda sokoni.

Njia ya msitu. Kisha reli za tramu ya Tervuren — akasimama katikati! Tramu ikafunga breki, kengele ikalia, abiria wakabandika pua kwenye vioo. Mimi nyuma yake na buti zangu za mpira, natembea, kwa maana tumefundishwa kwamba anayemkimbilia farasi humkimbiza. Ee Mama Maria, natembea! Nikapiga hodi. Nikaiokota kamba. Dereva akatoa kichwa, akaniuliza kama huyu mama ana tiketi. Sikuweza kucheka.

Madame alikuwa langoni, mweupe kama chaki. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimweleza habari ya mikono miwili. Alisikiliza yote. Kisha akasema kwamba kwetu mkubwa hupewa kwa mikono miwili, sawa, lakini hapa kamba haiachwi. Na kama ile tramu isingewahi kusimama, ningekuwa namheshimu marehemu.

Jumapili ya Mtakatifu Hubert Madame atamwongoza Octavie yeye mwenyewe.

Jumamosi, 21 Oktoba

Samadi tu. Octavie alitoa kichwa juu ya mlango wake. Nilikuwa na karoti. Sikumpa. Sikujua nimpe kwa mkono gani.

Jumatano, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Nimekataa kukata tamaa!

Régine hakwenda kazini leo. Nilifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, nikaishika kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia binti yangu anipe vitu kimoja kimoja — chai, mkate, chumvi — nami nipokee kwa mkono wa kulia peke yake. Alikataa kabisa! "Mie nikupatie chai, weye unapokea na mukono moja kama bourgmestre? Maman angekuwa muzima, angetupiga bote!" Nikamwambia mimi si meya, afikirie tu kwamba mlango ni Octavie. "Papa, mulango hauwezi kukimbilia ku tram."

Mwishowe alikubali. Kikombe cha kwanza: kamba ikaanguka. Cha pili: ikaanguka tena. Mikono yangu ina katekisimu yake, nayo haiisahau upesi. Tukaendelea. Chai ya juma zima tumeimaliza. Halafu Régine akaanza kunitega. Nilipokuwa nimegeuka: "Papa, shika!" — akarusha limau. Nikalidaka! Kamba mkononi! Nilipiga kigelegele, nami si mwanamke, hata jirani wa chini akagonga dari yake.

Jioni nilisali rozari. Shanga kulia, kamba kushoto. Niliwaza: Octavie, yule bibi kule zizini, anataka nini kwangu? Tofaa atalipokea hata likiwa chini. Anataka asikutwe peke yake kwenye reli.

Alhamisi, 2 Novemba

Baada ya misa ya marehemu nilikwenda chuoni mapema, nikamwomba Madame anijaribu. Akanikabidhi Octavie uani, na lango amelifunga kwa komeo. Kisha, bila kunionya, akaninyooshea brashi. Ndoo. Karoti. Kofia yake mwenyewe! Nilipokea kila kitu kwa mkono mmoja, na kila mara aibu ilinichoma masikio kana kwamba nimemtukana mama wa watu. Lakini kamba haikuanguka. Haikuanguka hata mara moja!

Nilingoja neno. Alisema tu kwamba tutaona Jumapili.

Akauliza jambo moja, akiwa ameshanipa mgongo. Kwetu mtu akimpa mkubwa kitu, viganja hukaaje, vimefunguka au vimefumbwa? Nikamwonyesha.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimesuka manyoya ya shingo ya Octavie, msuko baada ya msuko, kama mke wangu alivyowasuka mabinti usiku wa kuamkia Pasaka. Atapendeza. Hata akiongozwa na mwingine, atapendeza.

Sijaambiwa lolote.

Jumapili, 5 Novemba

Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa nimeketi juu ya ukuta mfupi wa kanisa. Ukungu mwepesi, pumzi za farasi zinapanda kama ubani. Wamepangwa mstari mmoja. Régine amevaa kitenge cha sikukuu chini ya koti. Donatien amekuja na suti, amemwona Octavie, amerudi hatua nyingi. "Iko munene hivi? Papa, mie nitabakia nyuma ya Régine." Nani anacheka leo!

Madame ndiye aliyemshika Octavie. Hajanitazama tangu tulipofika.

Padre ametoka. Mzee, anatembea kwa fimbo, msaidizi amembebea kikapu. Maji ya baraka yametua kwenye migongo, farasi wametikisa ngozi. Sasa mkate. Namtazama kila anayepokea: mkono mmoja kwenye mkate, wa pili kwenye kamba, na padre hakasiriki hata kidogo. Mungu anirehemu, mimi sijapata kupokea kilichobarikiwa kwa mkono mmoja. Je, leo ningeweza? Nisijiulize. Sijaitwa.

Octavie amekwisha kunusa mkate. Masikio mbele. Anavuta.

Farasi wawili, ndipo yeye.

Madame amegeuka. Ananitafuta kwa macho kati ya watu — ameniona. Ameikunja kamba, ameilaza juu ya viganja vyake. Vyote viwili! Vimefunguka, kama nilivyomwonyesha. Ananinyooshea mimi, mbele ya kanisa zima, na Octavie anavuta, na padre amebakiza farasi mmoja. Régine amejiziba mdomo. Kalamu iende mfukoni. Mkono wa kushoto kwanza, ule wa kamba —