Tumempeleka Hajat Wahiba Esna

Mtaa wa Wafinyanzi,
Nakada, Mkoa wa Kena.
9 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Hilmi,

Nakusalimu salamu za asubuhi na za jioni kwa pamoja, maana sijui barua hii utaisoma saa ngapi. Hujambo, ndugu yangu? Mgongo umepoa? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka, au umeificha kabatini kama ile ya kwanza? Huku sisi wazima, Mungu ashukuriwe. Mimi ni magoti tu, nayo siyalaumu, yamenibeba siku nyingi. Baridi ya mwaka huu imetupiga hasa, lakini miwa imekubali, na mji mzima unanukia asali.

Utauliza kwa nini naandika na simu zipo. Naandika kwa sababu simu ukikasirika unaikata, halafu unasema ni mtandao. Barua huwezi kuikata. Kuichana utaichana labda, lakini nakujua, hutaichana mpaka umeisoma yote. Anakuletea jirani yetu Nabil, anarudi huko Kuwait Jumamosi.

Jambo lenyewe ni Raghda. Binti yako ameambiwa na wakwe zake aache kazi ya kusafisha michoro ya mahekalu ya kale kabla ya harusi, na wewe ukasema sawa. Mwisho wa mwezi huu anakwenda kuaga kazini. Hajalia, hajagomba na mtu, amenyamaza tu, na kimya kingi unajua kina nini. Tangu nilipompokea, mama yake alipofariki, Mungu amrehemu, mtoto huyu akiumia hanuni. Anafua nguo. Wiki hizi amefua mpaka mapazia ya jirani.

Nikwambie kweli, mwanzoni nilikuwa upande wako. Sabri ni kijana mzuri, ana kazi yake kiwanda cha sukari, hana makuu, na mama yake, Hajat Wahiba, anatoka nyumba yenye jina. Aliposema mke wa mwanawe hapandi ngazi katikati ya wanaume, nikasema haya basi, ndoa ina mambo yake. Lakini Raghda akaniomba kitu kimoja: kabla hajaacha, tutembee naye siku mbili, mimi na Sabri na mama yake, tukaone hicho anachokiacha. Ningemkataliaje?

Sabri aliazima gari la rafiki yake. Hajat Wahiba akakaa mbele, amenyooka utadhani yeye ndiye bibi harusi, na kapu la chakula mapajani hataki limtoke: njiwa waliojazwa ngano, mikate ya kuumuliwa juani, na jibini ya mtungi yenye harufu ya kumwamsha maiti. Njia nzima ya kwenda hekalu la Dendera hakusema ila mara moja, kumwambia Sabri apunguze mwendo, na wakati huo punda alikuwa ametupita.

Hilmi, unakumbuka tulivyopelekwa Dendera na shule? Tulicheza kujificha nyuma ya nguzo, na dari lilikuwa jeusi kama sufuria ya marehemu bibi. Sidhani kama nilitazama juu hata mara moja. Safari hii nilitazama juu nikasahau kufunga mdomo. Buluu ile, ndugu yangu! Mimi nimezaliwa ukingo huu wa mto, na nimefika umri huu bila kujua kwamba juu ya vichwa vyetu kulikuwa na rangi namna ile. Raghda alijifunzia kazi hapo hapo. Akawa anatuonyesha kwa kidole, taratibu, bila kujisifu, na sauti yake imebadilika. Sijamsikia akisema kwa sauti ile nyumbani.

Yupo yule mwanamke wa mbinguni, aliyejinyoosha kutoka ukuta huu mpaka ule, jua analimeza jioni na asubuhi analizaa tena. Hajat akamtazama muda mrefu, kiganja shavuni.

"Anazaa kila asubuhi?" akauliza.

"Kila asubuhi, mama," Raghda akajibu.

Nami nikaona nafasi yangu. "Na kazi ya kubeba mbingu hajaacha, Mama Sabri."

"Ndiyo maana amekonda hivyo," akasema Hajat, akaenda zake kutafuta kivuli. Mwanamke huyu si mchezo.

Siku ya pili tulitoka mapema tukaelekea Luksor, upande wa magharibi, kwenye makaburi ya wale mafundi waliochimba makaburi ya wafalme. Ya wafalme Raghda hakutaka tuanze nayo. Alisema ya mafundi ndiyo waliyojichorea wenyewe, jioni wakitoka kazini. Ngazi zake ni za kuinama kama unaingia tanuri. Nilidhani Hajat atakataa kwa sababu ya magoti. Lo! Alisimama mlangoni, akatengeneza shela yake, akatoa salamu kwa wenye nyumba kama tunavyowasalimia wafu wetu makaburini.

Sabri akamnong'oneza, "Mama, hawa hawakuwa Waislamu."

"Walikuwa wafu jana na leo ni wafu," akamwambia. "Sisi ni wageni. Mgeni hapigi hodi kwa kuuliza dini."

Ndani ni chumba kidogo kuliko jiko langu, kimejaa rangi ya manjano kama ya yai bichi. Mume analima na mke yuko nyuma yake anamwaga mbegu, wote wawili wamevaa nguo nyeupe za sikukuu, utadhani shamba lile halina vumbi. Nilimtazama Sabri, naye alikuwa anamtazama yule mke, si ukuta mzima, yule mke tu. Mimi machozi yalinitoka, nasema wazi. Nilifikiri juu ya mtu aliyechoka kazi ya mfalme mchana kutwa, kisha akawasha taa yake ashuke chini amchore mkewe vizuri.

Tukala njiwa wetu kando ya barabara, tukafika Esna adhuhuri. Hekalu unalijua, liko shimoni katikati ya soko, unaacha wauza vitunguu juu unashuka. Hapo ndipo anapofanya kazi mtoto wetu. Nusu ya dari bado ni masizi na mavi ya popo, na nusu, Hilmi, nusu ina tai waliotandaza mabawa mekundu na ya kijani, na nyota, na mashua ya mwezi, na wanyama ambao sijui hata jina lao. Unaona mstari ulipo. Huku giza, huku sherehe. Na mstari ule unasogezwa na mikono yake, kwa pamba na brashi, pole pole, kama mtu anayemfuta mtoto uso asimwamshe.

Raghda akapanda jukwaa lake la vyuma bila hata kushika. Sabri naye akataka kumfuata, akapanda vidato vichache, akageuka rangi.

"Usitazame chini, Sabri," Raghda akamwambia kutoka juu. "Haya, shuka. Mguu wa kushoto kwanza. Mwingine. Hivyo hivyo."

Mama yake alicheka mpaka akajishika mbavu. Mara ya kwanza kumwona akicheka, na meno anayo yote.

Juu kule kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, Mzee Shenuda, msaidizi wa Raghda tangu mwanzo. Akaita, "Mwalimu Raghda, njoo uitazame kona hii, naona kama naiharibu." Raghda akaitazama. Akamwambia, "Hujaiharibu, umechoka. Shuka unywe chai." Mzee akaweka brashi yake, akashuka.

Hajat akanivuta mkono. "Kashuka kweli!"

"Kashuka."

"Mimi nikimwambia Haji Dardiri ashuke kutoka banda la njiwa wake juu ya paa aje ale, chakula kinapoa, hashuki!" Haji Dardiri ni shemeji yake, ndiye mkubwa wa ile nyumba na ndiye aliyemlea Sabri.

Kisha akauliza nani aliyechafua dari zuri namna ile. Raghda akamweleza kwamba zamani watu waliishi humu ndani wakipika, na masizi ni ya meko na taa zao. Hajat akasema, "Kwa hiyo ni sisi. Akina mama." Akasogea karibu na ile nguzo yenye masizi, akaitazama bila kuigusa, kama mtu aliyeona picha ya jamaa yake.

Sasa sikiliza vizuri.

Tulirudi jua likiwa bado juu, tukafikia kwao, ng'ambo ya mto. Haji Dardiri akatukaribisha, kahawa ikaletwa. Nikaipokea, nikaiweka chini mbele yangu, nikakunja mikono. Maana yake unaijua, hata kama Kuwait imekusahaulisha mengine: nina ombi, na nikiondoka kikombe kimejaa, nyumba yao haina uso tena mtaani. Lakini ni mambo ya wanaume hayo. Sabri alikitazama kikombe changu kama ameona nge.

"Dada Bahija," akasema Haji Dardiri, "kahawa haina sukari?"

"Sukari ipo, Haji. Mimi ndiye nina neno."

"Tangu lini wanawake wakaweka kahawa chini?"

"Tangu mwanamume wetu alipokwenda Kuwait." Nikamwambia ombi langu: Raghda asiachishwe kazi.

Haji akamgeukia shemeji yake. Hajat Wahiba akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Kwani nani kamwachisha?"

"Si nyinyi mliotaka?"

"Tulitaka, ndiyo! Mwenye kuposa anaanza kwa kuomba kidogo? Nilisema aache kazi nikijua baba yake atasema haachi. Mimi ningesema basi apunguze, yeye angesema tutaona, tukaishia katikati kama watu. Mimi niliolewa hivyo, na dada zangu wote. Baba yake akasema sawa. Sijamaliza kusema, kasema sawa! Nikaweka simu nikamwambia Haji, jamani, binti huyu hana mtu nyuma yake?"

Hilmi, nilitamani ardhi inimeze na mkeka wake. Miaka yote uliyokaa huko umewazoea watu wanaosema jambo mara moja wakamaanisha hilo hilo. Sisi huku bado tunasema ili tujibiwe. Ulidhani unamrahisishia mtoto ndoa, na wao wakaona unamtupa.

Haji Dardiri akasema yaishe, wamekubali, ninywe. Nikanyoosha mkono. Hajat akamtuma Raghda jikoni akalete maji, kisha akakifunika kikombe kwa kiganja chake.

"Asinywe. Sisi tumetoa letu. Lakini neno la kumwachisha lilipita kwa baba yake, na la kumrudisha lipite huko huko. Sitaki binti huyu aje aishi kwangu akijua mama mkwe ndiye aliyemtetea, baba yake hakumtetea."

Ningembusu pale pale. Nilimwogopa mwezi mzima, kumbe ndiye aliyemwonea mwanetu uchungu kabla yetu.

Tulivuka na pantoni kurudi kwetu, mimi na Raghda peke yetu, maji yametulia. Nilimwambia, umesikia mwenyewe, wamekubali, cheka basi. Hakucheka. Akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Shangazi, kazi ningeiacha. Wallahi ningeiacha bila kinyongo, kama Baba angebishana kwa ajili yangu akashindwa."

Basi sikutumii lawama, nakutumia kazi. Mpigie Hajat Wahiba. Si ujumbe, piga. Mwambie binti yako haachi kitu. Atakukatalia, muache akatae, ni heshima yake na tumeshaelewana. Nawe usilainike, pandisha sauti, gomba, taja jina la baba yetu. Piga Ijumaa ya kwanza baada ya kupata barua hii, sala ikiisha. Tutakuwa wote kwao, wametualika chakula, na kahawa yangu nitainywa siku hiyo; nimemwomba Hajat apokee kwa simu ile ya mezani yenye kipaza sauti, isikike nyumba nzima. Raghda hajui.

Mwanangu Hamdi anakusalimu na mkewe, wamepata mtoto wa kike, miguu yake mirefu kama yako. Shangazi yetu Tafida anakuombea dua kila sala, ingawa anakuita kwa jina la marehemu baba. Mzee Shenuda naye hakujui, lakini alisema baba wa mwalimu asalimiwe.

Mungu akulinde ugenini, akupoze mgongo, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Na Ijumaa hiyo akupe sauti kubwa.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bahija