Kahambu na tela ndogo

Aimée, nimetoka Kasese sasa hivi na Kahambu na bwana yake Omara. Sijui hata nianzie wapi.

Walienda kuchagua tela ya kulalia, ile ya kuvuta nyuma ya gari wakienda kupiga kambi. Omara, unamjua na ujeshi wake, akasimama kwenye ile kubwa yenye jiko na choo. "Hii ndio ya mtu mkubwa."

Kahambu akachutama, akachungulia chini yake. Akasema iko chini mno, matope ya njia ya Munkunyu yataimeza. Akachagua ndogo ya chuma, yenye matairi makubwa.

Mbele ya watu, Aimée! Omara akasema, "Hiyo ni nyumba ya mbuzi. Mimi silali humo."

Wauzaji wakacheka. Wote. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kahambu hakupandisha hata sauti. "Basi utalala inje, afande. Mimi na batoto tutaenea."

Utalala inje, afande. Alimwambia hivyo hivyo.

Akailipia kwa pesa ya duka lake, akaifunga nyuma ya pikapu mwenyewe, akawasha gari.

Afande akapanda upande wa abiria, akafunga mkanda.