Nukta Kumi na Moja Nilizozipa Majina

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungulia ploti maji. Nimefagia ngazi. Nekesa, binti ya dada yangu, bado yuko mezani kwangu hapa Kabiro. Kwao Kibera stima ilipotea wiki jana. Anasomea protini. Huko ng'ambo waliizungusha ikiwa kavu ndani ya sumaku kubwa, ikatoa ishara. Ishara ziko kwenye karatasi, nukta nukta. Yeye anatafuta kila nukta ni ya kipande gani cha protini. Anaanza na moja anayoijua, anafuata jirani yake. Kazi gani hiyo? Mimi mtunza ploti, wapangaji hamsini nawajua kwa kikohozi.

Jumanne, 4 Machi
Ameenda Soko la Toi kutafuta koti la kuvaa mbele ya profesa. Nikaangalia karatasi. Nukta kumi na moja hazina jina. Vipande kumi na moja havina nukta. Vyumba vitupu na watu wako nje! Nikachukua penseli yake, nikawagawia. Mwandiko nikaiga wake. Dakika ishirini. Yeye miezi minane.

Jumatano, 5 Machi
Jana Nekesa aliingiza yote kwenye laptopu mbio mbio, akamtumia profesa. Hakugundua. Leo nimewatangazia wapangaji pale mferejini kuwa mimi ni mwanasayansi. Mama Brayo akacheka: "Ai, Anko, si juzi ulikuwa enjinia?" Nikamwambia sumaku nilizijua nikitengeneza redio ya waziri. Sijawahi kuona redio ya waziri.

Ijumaa, 7 Machi
Nekesa amerudi kutoka kwa profesa analia. Ameulizwa zile kumi na moja amezitoa wapi. Nukta zenyewe ni kelele za mashine. Na vile vipande havionekani kwa sababu havitulii. Aliviacha wazi makusudi. Sasa anaitwa mwongo. Anaweza kufukuzwa.
"Anko, kwani nilichoka hadi nikabuni vitu na sikumbuki?"
Nikanywa chai. Mbwa mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Anakagua mwandiko wake mwenyewe kama wa mwizi. Sikuweza kukaa naye chumba kimoja. Nilizunguka hadi Riruta bila shughuli.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia kabla ya kanisa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akanipa kalamu: "Mwandikie profesa." Nikaandika yote. Kwa masomo huwa nasema nilifika fomu foo. Nikaandika ukweli: darasa la sita.

Alhamisi, 13 Machi
Profesa amemruhusu Nekesa arudie kazi. Kwangu hajajibu kitu.
Jioni ameniita nimsomee orodha ya vipande na namba za nukta zake, yeye anachapa. Hatujaongea mengine. Nasoma jina, nasoma namba. Pasipo na namba nasema "hakuna", nangoja achape, naendelea.