Kabla Hujaja Bandarini

Bromsgrove, Worcestershire
9 Februari 1881

Ndugu yangu mpendwa Enoch,

Salamu nyingi zikufikie huko Adelaide, wewe na wifi yangu Lavinia na mtoto. Lile jino lililokuwa likikunyima usingizi umeshaling'oa? Na mtoto, kifua chake kimepona? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali mpaka pampu ikaganda, tukawa tunayeyusha theluji kwenye sufuria ili tupate maji ya chai. Karakana ya baba ya kufulia misumari bado imesimama nyuma ya nyumba, fuawe ipo, mvukuto upo, ila moto haujawashwa humo tangu Krismasi. Sababu yake nitakueleza.

Dada Tamar alipofariki nilikuandikia mistari michache, nawe ukanilaumu. Kusema kweli hapakuwa na mengi ya kuandika. Homa ilimshika baada ya kumzaa Obed. Asubuhi ile alisema moto umepungua, mtu aongeze makaa. Niliinama kuongeza, na nilipogeuka alikuwa ameshakata roho. Watu wanasema alinishika mkono akanikabidhi watoto wake watatu. Hakunikabidhi kitu. Nilihamia kwa shemeji Amos kwa sababu Obed alikuwa analia, na Amos hakujua hata kumfunga nepi.

Kaka Jabez alifurahi sana. Unamjua anavyokuwa akishapanda mimbarani katika lile kanisa lake dogo. Alinisimamisha mbele ya kanisa zima akasema huyu ndiye dada wa kweli, na wanawake wakafuta machozi. Wanawake hao hao, mwaka mmoja baadaye, walikuwa wakiniuliza pale pampuni, "Keziah, mumeo hajambo?" Kisha mama Tolley anajishika mdomo, "Ala! Samahani mwanangu, nilitaka kusema shemeji yako." Wanacheka. Mimi nilijaza ndoo yangu nikaenda zangu.

Amos aliniposa tukiwa kazini katika karakana ya baba, yeye anafua misumari mikubwa na mimi ile midogo ya viatu. Hata nyundo hakuiweka chini. Alisema, "Kezi, watu wameshatuoza zamani. Tumebaki sisi wawili tu ambao hatujapata habari." Nilimwambia anipe muda. Nilipomaliza kile chuma kilichokuwa motoni nilimwambia sawa. Usiniulize kama nampenda. Nimezoea kusikia nyundo yake pembeni ya yangu, na ikinyamaza huwa nainua kichwa.

Kasisi wa parokia alikataa kutangaza ndoa. Alisema sheria ya Uingereza inanihesabu kuwa dada wa Amos, kwa kuwa nilikuwa dada wa mkewe, na kwamba tungefungishwa hata huko Birmingham wasikotujua, ndoa ingekuwa bure. Jioni yake Jabez akaja. Hakukaa wala hakuvua kofia. Alimwambia Amos kwamba mbele za Mungu mimi ni dada yake. Amos akamjibu, "Mama yangu alizaa wavulana watupu, Jabez. Huyu dada umenitolea wapi?" Watoto walicheka, hata mimi nilikaribia kucheka. Jabez alinitazama akasema kuanzia siku hiyo yeye ana ndugu mmoja tu duniani, naye yuko Australia.

Jumapili iliyofuata alinitoa kanisani kwa sauti ile ile aliyonisifu nayo. Anayetugawia vyuma vya kufulia misumari ni mzee wa kanisa hilo, basi vyuma navyo vikawa haba, na ilipofika Krismasi vikakatika. Hiyo ndiyo sababu karakana imepoa. Barua yako iliyosema kwamba huko kwenu sheria inaruhusu mtu kumwoa dada wa marehemu mkewe, Amos aliisoma mara nyingi mpaka ikachanika mikunjoni. Tukaomba nafasi melini, na tumekubaliwa. Tunaondoka Plymouth mwezi ujao. Barua hii itatutangulia kwa meli ya posta.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwezi Oktoba Jabez alianguka mimbarani katikati ya mahubiri. Upande wake wote wa kulia ulikufa. Unajua mkewe alishatangulia na hawakujaliwa mtoto. Watu wa kanisa walimhudumia kwa zamu, kisha zamu zikawa na mapengo, kisha mama Tolley akaja mlangoni kwangu: "Damu yako ile, Keziah. Sisi tumefanya yetu." Nikaenda. Nimemwogesha, nimemlisha uji, nimembadilishia mashuka majira yote haya ya baridi. Hakubakiwa na maneno, Enoch, yeye aliyekuwa na maneno yote. Amebakiwa na neno moja, "ndiyo". Nilimuuliza kama ana kiu, akasema ndiyo. Nilimuuliza kama amenisamehe, akasema ndiyo. Nikamuuliza kama bado ananiona mwenye dhambi, akasema ndiyo, kwa sauti ile ile, huku mate yanamtoka.

Amos alisema tusubiri. Alisema meli zipo nyingi, mwaka ujao pia zitakuwepo, hatuwezi kumwacha mtu katika hali hiyo. Nataka ujue kwamba Amos ndiye aliyesema hivyo. Mimi ndiye niliyekataa.

Jumanne iliyopita nilimpeleka kaka yetu kwenye nyumba ya maskini, kule wanakopelekwa wasio na mtu wa kuwatunza. Nilimfunika kwa blanketi la mama, tukamlaza juu ya mkokoteni wa makaa, na mlangoni nikatia sahihi. Alipoona pale ni wapi, alinishika mkono wa gauni kwa ule mkono wake mzima. Nikamuuliza, "Jabez, nibaki?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza, "Niende?" Akasema ndiyo. Nikamfungua vidole kimoja kimoja nikaondoka. Njiani nilinunua mkate, kwa kuwa watoto walikuwa hawajala. Nangoja kulia, kila siku nadhani itakuwa leo, na haijawa.

Nimekuandikia mapema kwa sababu sitaki unikumbatie bandarini bila kujua. Amos na watoto hawana kosa, hao uwapokee. Mimi ukiamua nisiingie nyumbani kwako, uniambie pale pale, usinisitiri. Mabegi yangu nitayaweka kando na yao, yatakuwa rahisi kuyatambua.

Nisalimie Lavinia, umbusu mtoto kwa niaba yangu. Selina na Walter wanakusalimu mjomba wao, na Obed amejifunza kutamka jina lako. Mungu awalinde wote.

Ni mimi dada yako,
Keziah Hadley